Matakia Tisa ya Tihon

Tihon alifariki Jumatatu asubuhi akiwa anamenya viazi, na kufikia Jumanne saa tatu dada yake, Rimma, alikuwa ameshachana pazia jekundu la sebuleni na kushona matakia saba. Yalibaki mawili. Marehemu aliacha medali tisa, na huku kwetu mlinda mpaka akizikwa, kila medali hulazwa juu ya takia lake ikabebwa mbele ya jeneza, watu wajue anayepita ni nani.

"Venya," alisema Rimma bila kuinua macho kwenye sindano, "nataka na askari. Sita, wenye bunduki. Wapige risasi tatu hewani kama walivyompigia yule kanali mwaka juzi."

Mumewe, Veniamin Arkadyevich, alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi akizipanga medali za shemeji yake juu ya gazeti. Alizijua zote na bei zake, maana walikuwa wakienda kuzinunua pamoja. Tusifichane: sisi walinda mpaka wastaafu ni watu wa kujivika. Kila miaka mitano jeshi letu la mpakani linatimiza umri fulani, na kila likitimiza, lile duka la vifaa vya jeshi pale sokoni huleta medali ya ukumbusho, nasi tunapanga foleni kama watu waliosikia sukari imefika. Ya miaka themanini, ya miaka tisini, ya miaka mia. Ikifika tarehe ishirini na nane Mei, siku yetu, tunavaa kofia za kijani, tunakwenda kurukaruka kwenye chemchemi ya uwanja wa mji na matumbo yetu, na vifua vinalia kama mzigo wa muuza sufuria. Ya tisa ya Tihon haikuwa hata ya mpaka. Ilikuwa ya chama cha wafuga nyuki. Aliikuta imebaki peke yake dukani, utepe wake wa kijani, akasema rangi inaoana.

"Na hii ya nyuki nayo ibebwe?" aliuliza Venya.

"Ibebwe. Nani atainama kuisoma?"

"Sawa. Lakini askari, mke wangu, hawatolewi hivi hivi. Wanataka karatasi."

"Si utakwenda wewe? Shujaa wa mji mzima, watakukatalia?" Rimma alikata uzi kwa meno. "Ndugu yangu alikaa kwangu miaka kumi na minne hajawahi kuniomba hata chumvi. Hatazikwa kimya kimya kama mtu aliyeiba kuku. Vaa suti. Vaa na medali yako."

Hakuwa anamkejeli, na hilo ndilo lililomchoma Venya. Medali yake ilikuwa moja tu, imening'inia kwenye koti nyuma ya mlango, lakini ilikuwa ya kweli: Kwa Umahiri katika Kulinda Mpaka wa Taifa, ya mwaka themanini na saba, na kijitabu chake chenye mhuri. Kwa sababu yake Venya alikalishwa kiti cha mbele kila sherehe. Kwa sababu yake kila Mei alialikwa shuleni kuwasimulia watoto alivyomfuata mvuka mpaka kilomita kumi na moja ndani ya kinamasi na kumtia mbaroni kwa mikono mitupu. Mwaka wa kwanza wa hadithi hiyo yule mtu alikuwa na kisu. Kufikia mwaka wa kumi alikuwa na bastola mbili na amesomea mieleka.

Ukweli wa jambo hilo waliujua watu wawili tu duniani, na mmoja wao sasa alikuwa amelala chumba cha pili, kavaa tai. Aliyemkamata yule mtu alikuwa Tihon. Venya, mkubwa wa doria, alikuwa amebaki nyuma chini ya msonobari, buti kavua, vitambaa vya kuviringia miguu badala ya soksi kavianika kichakani, anakula nyama ya kopo. Tihon alirudi na mfungwa wake, akaanguka kwa homa ya mapafu, akapelekwa hospitali. Kepteni wa kituo akauliza, "Nani kamkamata?" Venya akafungua kinywa amtaje mwenzake, kikatoka "Mimi." Neno moja. Angelikuwa mwongo mzoefu angalau angelisema sentensi nzima.

Tihon alipotoka hospitali alicheka tu. "Kaa nayo, bwana. Kifua changu kina makohozi, chuma kitashika kutu." Baadaye Venya akamwoa dada yake, na basi, utamwambia nani tena? Miaka ikapita. Kila walipokaa mezani Tihon alimwita "shujaa," akamkonyeza, akachukua kipande kikubwa cha nyama. Venya aliona ni bei nzuri.

Alivaa suti. Alivaa na medali. Akazitia zile tisa mfukoni akatoka, na njia nzima zilikuwa zikimpigapiga pajani.

Ofisi ya jeshi ya wilaya ilikuwa na mashine ya kutoa namba. Ilimpa namba sitini na nne, na mle ndani walikuwa watu watatu. Alingoja saa nzima bila kujua wale sitini wengine wako wapi, mpaka mlango ukafunguka na kepteni mmoja, kijana mwenye umri mdogo kuliko ile suti, akamwita.

"Pole kwa msiba, mzee. Marehemu alikuwa na tuzo gani ya serikali?"

Venya alimwaga medali tisa mezani. Kepteni akazigeuza moja moja kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele.

"Hii ya dukani. Hii ya dukani. Hii pia. Hii..." Aliinama. "Mzee, hii ni ya wafuga nyuki."

"Alipenda asali."

"Sikatai. Lakini hizi ni mapambo. Hata mama yangu anazo mbili." Kepteni alifungua jalada. "Miaka ishirini alitumikia, naiona. Mlezi wa mbwa wa kituo. Utumishi safi, isipokuwa alikaripiwa mara tano kwa kumjibu mkubwa wake."

"Alikuwa na mzaha."

"Kanuni inataka tuzo. Moja tu, mzee wangu, ya kweli, na kijitabu chake. Niletee moja, nami nakupa askari sita, risasi tatu na mpiga tarumbeta."

"Mbwa wake mmoja alipata medali," alisema Venya. "Maonyesho ya mkoa."

"Basi huyo mbwa akifa, tutaona." Kepteni alijutia papo hapo, masikio yakamwiva. Akainua macho, na ndipo alipokiona kifua cha Venya. Alisimama wima, kiti kikasukumwa nyuma. "Samahani, mzee. Sikuwa nimeiona. Hii ndiyo yenyewe hasa! Ingekuwa ni msiba wako wewe, ningekuletea askari hata kumi na wawili."

"Ahsante," alisema Venya. "Nitajitahidi."

Hapo, mlango ulikuwa wazi. Neno moja lingetosha: hii ni yake. Kijana mwenyewe alikuwa amesimama kwa heshima, yuko tayari kusikia. Venya akapiga moyo konde, akafungua kinywa.

"Choo kiko wapi?" aliuliza.

Kepteni akamwonyesha. Venya akaingia chooni bila haja yoyote, akajitazama kwenye kioo kilichopasuka. "Kinywa hicho," alijiambia, "kingekuwa mbwa, Tihon angekifukuza kituoni siku ya kwanza."

Hakurudi nyumbani. Alikwenda sokoni akiruka madimbwi ya theluji iliyoyeyuka. Katika umri wa miaka hamsini na nane alikuwa amegundua kwamba anamwogopa Rimma kuliko Mungu, na Mungu alikuwa mbali, Rimma alikuwa na mkasi.

Lile duka la vifaa vya jeshi liko kati ya muuza soksi na muuza samaki wa kukaushwa. Mwenye duka, mama mnene mwenye glavu zilizokatwa vidole, alimtambua.

"Karibu, shujaa! Ya miaka mia na mitano bado haijafika."

"Nataka kama hii," alisema Venya, akagusa kifua. "Ya mtu mwingine."

"Na kijitabu au bila?"

"Na vijitabu mnauza?"

"Mzee wangu, hapa pana kila kitu ila vita." Alitoa kijitabu kitupu, akachukua kalamu, akalamba ncha. "Elfu tatu, pamoja na mhuri. Haya, jina?"

"Tihon Lazarevich Bobilev."

"Tarehe ya tendo?"

"Kumi na tisa Oktoba, themanini na saba."

"Alfajiri au jioni? Wengi hupenda niwaandikie alfajiri."

"Alfajiri. Kulikuwa na ukungu." Hapo Venya akajikuta anaendelea, hakujua kwa nini, pengine kwa kuwa yule mama hakuwa anamtazama. "Aliona nyayo kwenye ule ukanda wa udongo tunaousawazisha kwa reki. Zilikuwa zimegeuka, mtu ametembea kinyumenyume atudanganye. Mkubwa wake akamwambia subiri tule kwanza. Hakusubiri. Akaingia kinamasini peke yake, maji ya kiunoni, kilomita kumi na moja. Alipomfikia, yule mtu alikuwa amekaa juu ya gogo amechoka, miwani imevunjika. Mwalimu wa muziki. Akamwuliza kama ana chai. Tihon akamvua soksi zilizolowa, akamvika zake kavu alizokuwa amezitunza ndani ya kofia, yeye akarudi na miguu iliyolowa, ndiyo sababu akaugua. Wakarudi wameshikana mikono."

Kalamu ilikuwa imesimama. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa karibu."

"Karibu wapi?"

"Kilomita kumi na moja."

Yule mama alicheka hadi muuza samaki akachungulia. Kisha akaacha kucheka, akamtazama Venya, akaitazama ile medali kifuani pake, akamtazama tena. Hakuwa mjinga, mtu hauzi heshima miaka ishirini asijue inavyonunuliwa. Alifunga kijitabu, akakirudisha kwenye droo.

"Sikuuzii," alisema. "Mimi huwauzia ambao hawakufanya kitu, wafurahi kidogo, hakuna anayeumia. Huyo alifanya. Nenda kaidai ya kwake."

"Kwa nani?"

"Unaniuliza mimi?"

Basi Veniamin Arkadyevich, kiti cha mbele, alifukuzwa kwenye duka la medali bandia kwa kukosa uaminifu. Muuza samaki alimpa pole, akidhani amekosa pesa.

Nyumbani alimkuta Marat Ildusovich, mwenyekiti wa chama chetu cha wastaafu, amekaa jikoni na kofia ya kijani magotini, anakunywa chai. Matakia yote tisa yalikuwa tayari, yamepangwa kwenye ubao wa kupigia pasi. Rimma alikuwa ananyoosha pindo la takia la mwisho kwa kidole.

"Enhe?" alisema, akizipokea zile medali na kuzilaza moja moja juu ya matakia.

"Hawatoi."

"Hawatoi nini?"

"Askari. Hana tuzo. Zote hizi ni za dukani, Rimma, hawazihesabu."

Rimma hakulia. Alikaa juu ya stuli, taratibu, kama aliyeambiwa afadhali akae. "Miaka ishirini," alisema. "Hata moja? Hata moja hawakumpa? Alikuwa mtu wa hovyo kiasi hicho, ndugu yangu?"

"Hakuwa wa hovyo."

"Basi kwa nini? Wewe ulikuwa naye kituo kimoja. Doria moja. Ulipata, yeye hakupata. Kwa nini, Venya?"

Marat aliacha kukoroga chai. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya kwake ilikuwa imemchukua miaka zaidi ya thelathini, na sasa imemfikisha kwenye ubao wa kupigia pasi. Mikono yake ilifanya kabla ya kinywa kuharibu: aliifungua medali kifuani, akaiondoa ile ya nyuki kwenye takia la kwanza, akailaza ya kwake pale.

"Iende hii," alisema.

"Hiyo ni yako."

Sasa! Sasa, ewe kinywa!

"Namwazima," alisema Venya.

Marat Ildusovich alisimama, mzee wa watu, machozi yakamlenga, akamkumbatia Venya mpaka mbavu zikalia. "Kaka," alisema, "kaka yangu, sijaona. Mtu anavua heshima yake anamvika maiti. Sijaona!" Na Rimma, ambaye hakuwa amemshika mkono mumewe tangu Krismasi, akaja akambusu kwenye paji la uso. Lilikuwa busu la ahsante kabisa, na Venya alilipokea akiwa amefumba macho, kama anayedungwa sindano.

Jumatano, siku ya tatu, wakamzika. Askari hawakuja. Tulikuja sisi, wazee kumi na sita wenye kofia za kijani na magoti mabovu, kwenye matope ya Machi. Venya alitangulia mbele ya jeneza akiwa na takia la kwanza, na kando ya barabara watu walisimama wakinong'onezana, maana Marat alikuwa amekwisha kuzunguka mji mzima na habari ya medali iliyoazimwa. Waliokuwa wakimtazama Venya walikuwa wengi kuliko waliolitazama jeneza.

Makaburini, kwa kuwa hatukuwa na bunduki, Marat alitoa amri tupaze sauti za "hurra!" mara tatu. Ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili mtu mmoja alikohoa, ikatukatika. Ya tatu mbwa wa mlinzi wa makaburi alibweka kwa nguvu kutuzidi, na mtu akasema hiyo ndiyo ambayo Tihon angeisikia. Venya akajisogeza, akataka kuitupa ile medali kaburini kabla udongo haujaanza. Marat akamdaka mkono.

"Hapana, kaka. Tuzo ya serikali haizikwi. Kanuni. Umeshatoa ya kutosha."

Wakala matanga sebuleni, dirisha halina pazia. Kulikuwa na ngano ya kuchemsha kwa asali, chapati za maji, supu ya kabichi, uji wa matunda. Mbele ya picha ya Tihon ilikuwa glasi ya vodka imefunikwa kwa kipande cha mkate mweusi, fungu la marehemu. Watu walikunywa bila kugonganisha glasi, kama inavyopaswa, na kila aliyesimama kumsema marehemu alimsema nusu dakika tu, kisha akamgeukia Venya. Tihon alikuwa mcheshi, alipenda mbwa. Lakini Venya, jamani! Venya ni mtu! Faina Borisovna, mwalimu wa historia, alisema shule itatenga ukuta mzima.

"Picha yake na ya medali," alisema. "Watoto wajue urafiki ni nini."

Rimma alikuwa anapita na sufuria ya supu, akiwapakulia watu. Uso wake ulikuwa umetulia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alionekana mtu ambaye ndugu yake amezikwa vizuri. Alipofika kwa mumewe akamwongezea kipande cha nyama, kikubwa, kile ambacho siku zote kilikuwa cha Tihon.

Kile kipande ndicho kilichomshinda. Venya alikitazama kikielea kwenye supu, akasimama.

"Mimi ni mwongo," alisema.

Vijiko vikasimama hewani.

"Medali si yangu. Sijamwazima kitu. Ni ya Tihon tangu mwanzo. Aliyemkamata yule mtu ni yeye, peke yake. Mimi nilibaki nyuma. Kepteni wa kituo alipouliza, Tihon alikuwa anakufa kwa homa, nikasema ni mimi. Wakanipa medali na likizo ya siku kumi. Ndiyo habari yenyewe. Hakukuwa na bastola."

Alisubiri. Alikuwa ameuwazia wakati huu miaka yote, na kila alipouwazia alitupiwa vitu. Hakuna aliyetupa kitu. Marat Ildusovich aliweka kijiko chini, akatikisa kichwa, akajifuta jicho kwa kofia.

"Mmesikia?" alisema. "Mmemsikia? Hajaridhika kuazima. Sasa anampa na tendo lenyewe!"

"Marat, ninasema kweli."

"Tunajua, kaka. Tunajua moyo wako."

"Moyo gani! Nilikuwa nimevua buti!" Venya alipiga kelele. "Nilikuwa nakula nyama ya kopo! Vitambaa vya miguu nilivianika! Yule mtu alikuwa mwalimu wa muziki, aliomba chai!"

Wengine wakaanza kucheka kwa upole, wakicheka na kulia, kama tunavyopenda kwenye matanga yetu. Mzee mmoja alisema zamani mashujaa wote walikuwa wanyenyekevu namna hii, siku hizi hamna. Faina Borisovna alikuwa ametoa kalamu. "Sema pole pole, Veniamin Arkadyevich," alisema, "'alijishusha ili mwenzake ainuliwe.' Hii ninaiandika neno kwa neno." Venya akawatazama mmoja mmoja, akaona hakuna hata jicho moja la kumdharau, hata la kuazima. Alikuwa amewapa ukweli, mkavu, na wao wakautia sukari wakaunywa.

Marat alikwenda kwenye yale matakia, akaitwaa medali, akarudi akambandika kifuani tena. Pini ilimchoma kidogo. "Kwa Tihon," alisema Marat, "na kwa aliyebaki." Watu wote wakasimama.

Rimma hakusimama kwa kuwa alikuwa amesimama tayari, na sufuria mkononi. Aliisogeza sahani ya mkate, akaitua sufuria. Alimkaribia mumewe kana kwamba anataka kumwekea sawa kola ya shati.

"Mimi nakuamini," alisema.

Alisema chini chini. Waliokuwa wanakunywa hawakusikia.

"Rimma..."

"Kila neno. Tihon alikuwa na pea moja ya soksi nzuri, nilimfumia mimi. Nilipomwuliza zimekwenda wapi aliniambia amempa mwalimu wa muziki. Nikajua ni utani wake." Vidole vyake vilikuwa bado kwenye kola. "Na ile likizo? Zile siku kumi?"

Venya alikitazama kile kipande cha nyama kwenye supu.

"Zilikuwa za nani, Venya?"

"Zake."

"Hospitali alikaa mpaka lini?"

"Mpaka mwisho wa Oktoba. Wiki mbili hivi."

Rimma alihesabu, midomo yake ilisogea. "Basi angewahi. Mama alikata roho tarehe nane Novemba. Siku tano nzima mlango ukigongwa alikuwa anauliza, ni Tihon? Ukaja wewe na barua yake na hicho kifuani. Nilimwambia, 'La, mama, si Tihon, ni rafiki yake, ni shujaa.' Akasema nikukaribishe." Alilinyoosha pindo la kola. "Ukala supu yake, mimi nikakutazama ulivyokuwa unakula, nikakupenda."

"Nisamehe," alisema Venya.

"Sijui," alisema Rimma. Alisema kweli, alikuwa kama mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua. "Sijui, Venya. Leo nimezika mmoja, siwezi na mwingine. Nitajua baadaye."

Mezani watu walikuwa wanakaa, viti vinakwaruza sakafu, na Marat alikuwa anaita, "Shujaa, mbona umesimama? Dada Rimma, mkalishe mumeo!"

Rimma aliachia kola. Akageuka kwa wageni, akauliza nani hajapata chapati, akasogeza bakuli la asali kwa Faina Borisovna. Kisha akamvutia mumewe kiti.

"Kaa ule," alimwambia. "Watu wanakutazama."

Venya akakaa. Supu ilikuwa imepoa na kipande cha nyama kilikuwa bado kimo. Akachukua kijiko, na kwa kuwa mji mzima ulikuwa unamtazama kwa mapenzi, akala.